Mashine ya Kazi Moja

Niliinunua Mwanjelwa, kompyuta ya ofisi iliyostaafu,
stika ya hesabu za mbolea ingali mgongoni.
Nikaing'oa feni, maana ilikuwa ikikoroma.
Mahali pake bonge la aluminiamu
linakunywa joto kimyakimya.

Nikafuta michezo, barua, hata kalenda.
Intaneti nikaifungia nje kama mbuzi mlafi.
Isijue kwamba leo ni Jumanne.

Atupele akachungulia: "Kompyuta nzima,
na haiwezi kuandika hata risiti ya chai?"
Haiwezi, mke wangu.

Umeme wa Tukuyu unayumba, basi nailisha betri ya gari.
Spika nimezitenga na ukuta dhiraa moja,
miguuni nimezivika vipande vya tairi.

Kisha kanda ya kwaya, themanini na tisa,
niliyoihamisha kwa siku tatu, sekunde kwa sekunde,
baba akiwa besi, safu ya nyuma.

Kikohozi.
Benchi linalia.
Halafu baba anavuta pumzi,
pumzi ambayo sikuwahi kuisikia;
miaka yote redio ilikuwa ikiimeza.

Na mvua ikaanza.
Nikayalaani mabati: kimya chote hiki nilichokisuka kwa mkono,
mvua ije ikikanyage?

Nikafungua dirisha.
Pakavu. Migomba imetulia,
nyota zimejaa hadi begani mwa Rungwe.

Mvua ilikuwa ndani ya kanda,
ya mwaka ule, juu ya bati la kanisa,
na baba alikuwa akiishinda kwa sauti,
kidogo tu.