Nyundo ya Kalunde

Gurudumu zima likigongwa hulia,
hulia mpaka mlio uchoke wenyewe.
Lenye ufa husema "ko" na kunyamaza.
Hiyo ndiyo kazi ya Kalunde, karakana ya reli, Tabora:
anapita kati ya mabehewa ya Mpanda na ya Kigoma,
anagonga, anainamisha sikio, anasogea.

Saa nne, chai na mihogo ya kukaanga.
Lugusha kakaa juu ya ndoo ya grisi,
overoli wazi mpaka kitovuni, anaanza:
"Jamani, mwanamke na spana namba kumi na saba..."

Mwisho wake siuandiki.
Mliowahi kukaa vijiweni mwa mafundi mnaujua.
Msioujua, msiulize.

Tulicheka. Kapela alimwaga chai.
Mihayo, mwanagenzi, alicheka kwanza
ndipo akatutazama kujua kwa nini.
Mimi nilicheka kwa mabega tu,
kicheko cha mtu anayetaka kuhesabiwa
lakini asitajwe.

Kalunde alitafuna, akameza, akafuta vidole kwenye tambara.
"Rudia, Lugusha. Sijaelewa."
"Aa, utani tu, dada'ngu."
"Utani, ndiyo. Nieleze panapochekesha.
Spana ni nani? Nati ni nani?
Na huyo mwanamke, hana jina?"

Lugusha akaanza kueleza.
Sijapata kuona mtu akibeba mzigo mwepesi namna ile
kwa jasho jingi namna ile.
Kila neno alilolitoa lililala pale sakafuni,
kati ya misumari na maganda ya karanga,
likatutazama.
Alipofika kwenye nati alikohoa,
akasema chai imepoa.

Hakuna aliyeniuliza, lakini nasema:
utani ule ni wangu.
Niliutunga mimi, miaka minane nyuma, kwenye stoo ya breki,
walipotuletea wasichana wawili kutoka chuo.
Mmoja aliomba uhamisho kabla ya masika.
Jina lake nimelisahau.
Utani haukusahaulika: ulipanda treni,
ukashuka Urambo, ukalala Kaliua, ukafika Kigoma,
ukarudi umenenepa,
na leo umekaa juu ya ndoo ya grisi
unanipa mkono kama mtu wa nyumbani.

Sikusema. King'ora kikalia, kila mtu na chombo chake.

Saa nane nilipita reli ya pili.
Kalunde kachuchumaa, chaki mkononi,
anachora msalaba mweupe kwenye chuma.
"Ufa?"
"Uko ndani. Kwa nje huoni kitu."
Akagonga tena, ili nami nisikie.

Nilisikia.
Neno likanijia hadi kooni. Nikakohoa
vilevile kama Lugusha.

"Vumbi leo," nikasema.

Alikwishahamia gurudumu linalofuata.