Sifuri Kwanza

Simu iliniambia Jumanne, saa nne kasoro,
nikiwa nimekalia debe nyuma ya soko la Wakulima, Nakuru,
kwamba mimi, Jerida Kegode,
ni mwanachama wa Chama cha Kufuli
tangu mwezi wa pili, mwaka juzi.
Mwezi wa pili mwaka juzi nilikuwa wodini, mguu kwenye plasta.
Sikutia sahihi hata kwenye plasta.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Kufuli! Na ufunguo ananiwekea nani?

Kazi yangu ni mizani. Naiponya.
Ya saa, ya mawe, ile ya kuning'inia yenye ndoana:
naifungua kifua, natoa vumbi la unga na omena,
nakaza springi, na kabla sijaweka jiwe lolote
naurudisha mshale kwenye sifuri.
Marehemu baba alinifundisha hivyo, tena kwa ukali:
mizani inayoegemea kabla ya mzigo
si mizani, ni mwizi aliyetundikwa.

Haya, mimi nimeegemea wapi?
Kwa baba, kule Mbale, kura ilikuwa kama ubatizo,
unapewa ukiwa bado huwezi kukataa.
Kwa mama, Njoro, vivyo hivyo, ila kanisa jingine.
Mwaka ule wa moshi tulilala uwanja wa maonyesho.
Akaja mtu na orodha: "Ninyi ni wa upande gani?"
Mama akajibu, "Upande wa blanketi."
Akapewa moja. Tulikuwa watano.

Tangu hapo nikajifanya sina upande.
Wakileta fulana za manjano, nafutia grisi.
Wakileta za kijani, nafutia pia.
Grisi haichagui, nilikuwa nikisema,
na wateja wakitikisa vichwa, nikajiona mwenye busara.

Lakini Jumanne hiyohiyo, kufuli likinilemea mfukoni,
akaja Tapkigen wa Mau Narok, magunia kumi na mawili ya viazi,
kila moja limevishwa kilemba cha wavu, limeshonwa, limefura:
lumbesa.
Dalali keshasema gunia ni gunia, bei ni ileile.
"Niazime mizani," akaniambia. "Nipime moja tu. Nijue."

Tukaitundika kwenye boriti.
Sifuri kwanza.
Wanaume wanne wakanyanyua.
Mshale ukapita hamsini, inapoishia sheria,
ukapita mia,
ukapita mia na thelathini,
ukagonga mwisho wake ukatetemeka kama aliyeona nyoka.

Tapkigen hakusema kitu. Alikuwa akihesabu kwa vidole,
na niliona anahesabu miaka, si kilo.

"Mama Mizani," dalali akaita, meno nje,
"leo umeingia chama gani?"
Mdomo wangu ukajibu bila kunishauri:
"Fungua hicho kilemba."
"Hiyo ni siasa."
"Ni hesabu."
"Ni siasa, mama. Unadhani siasa ni nini?"

Nakiri, alinishinda hapo.
Usiku nilijigeuza kitandani na lile swali lake.
Miaka kumi na tano nimekaa kwenye sifuri
nikidhani ni uadilifu,
na magunia yakipita mbele yangu, yamefura, yamefura.

Jumatano nikaenda kujitoa Kufuli.
Kijana wa dirishani akasukuma fomu:
"Unahamia wapi?"
Nafasi ilikuwa tupu, ndefu kama kidole.
Nikamuuliza, kuna chama kinachotaja lumbesa?
Akaniangalia kama niliyeagiza chai ya chumvi,
lakini akatafuta, Mungu ambariki, akatafuta kweli.
"Viwili. Hiki hapa, ukurasa wa arobaini na moja."

Sijajaza ile nafasi.
Nimewasha taa, nimevaa miwani ya baba,
nasoma ukurasa wa arobaini na moja kwa kidole chenye grisi.
Wameandika: *tutapunguza uzito wa gunia.*
Nami nimeandika pembeni, kwa kalamu ya risiti:
*kilo ngapi?*