Unene wa Wino

Miaka ishirini na tisa nimemletea ramani,
mimi karani wa chumba cha nyaraka,
yeye Daktari Wakesho, meza ya pili kutoka dirishani,
koti la sufu hata Januari,
penseli tu, kalamu ameiacha kwa bawabu.

Wenzake walikuja kusoma majina.
Yeye alisoma mistari.
Siku moja akaniita, akanipa kioo cha kukuzia:
"Musembi, mpaka huu una upana gani?"
Nikasema milimita moja, haizidi.
"Kwa kipimo cha ramani hii, milimita moja
ni mita mia mbili na hamsini za nchi.
Haya niambie,
nani alikuwa akiishi ndani ya wino?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha droo polepole,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye wagonjwa.

Yeye akawatafuta.
Stakabadhi za kodi ya vibanda, daftari za misheni,
barua za mpima ardhi akilalamikia mbu na wapagazi,
asitaje hata mara moja kwamba pale palilimwa viazi.
Akampata mzee mmoja aliyelipa kodi mara mbili,
kwa mabwana wawili wa wilaya,
maana jiko lake lilikuwa huku
na kitanda kule.
Siku hiyo alicheka hadi akaambiwa anyamaze.
Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu,
na haikuwa na vumbi.

Chuo kikamwandikia: mada yako ni nyembamba mno.
Barua aliibandika ndani ya jalada la daftari lake,
chini yake akaandika: milimita moja.

Alipostaafu hakuomba ramani.
Alinirudishia kioo, tukatoka pamoja,
tukateremka hadi Barabara ya Kirinyaga
ambako usiku wa jana watu wasiojulikana
walikuwa wamepita na ndoo ya rangi nyekundu.
Kila kibanda, msalaba.
Akasimama kwa fundi viatu, akatoa rula mkobani,
akapima mstari wa rangi juu ya mbao.
Sentimita sita.
"Jina lako nani, baba?
Na hapa umekaa tangu lini?"

Fundi akamtazama koti, akaitazama rula,
akadhani ametumwa na kaunti.
Akaanza kukusanya misumari yake,
mmoja mmoja, ndani ya kopo,
bila kujibu.