Ukuta Mweupe

Kiyungi amezima feni; shuka lilikuwa likipepea.
"Kivuli hawakitaki," anasema, "wala tabasamu,
wala hirizi. Mfute na huo wanja."
Nafuta kwa mate na ncha ya kanga.
Tunu ana miezi mitano, na paji lake sasa
li wazi kama mlango uliosahauliwa kufungwa.

Jana tulirudishiwa. Kwenye ile ya kwanza
kidole changu kilionekana, chini ya sikio:
kidole kimoja tu, na wao wakakiona.

Basi leo naingia chini ya shuka, mzimamzima,
shuka lile lile la harusi, bado lina harufu ya udi,
nampakata juu yake, namshika kiuno kwa ndani.
Joto la Kariakoo limenifuata humo.
Nasikia kipaza sauti cha Mtaa wa Swahili,
"buku mbili, buku mbili, sidiria buku mbili,"
nasikia Kiyungi akitikisa funguo:
"Tunu! Tazama huku, mama! Usicheke!"
Naye anacheka. Mara sita anacheka.
Ya saba anaduwaa, ndipo tunampata.

Picha nne. Sentimita tatu na nusu kwa nne na nusu.
Masikio yote mawili. Macho wazi. Mdomo umefumba.
Baba yake huko Bremen ataitazama aseme,
kafanana na mimi.

Fomu yangu ilikataliwa mwezi wa Rajabu.
Yake ilikosa picha tu.
Nainamia kioo cha kaunta, naitafuta mikono yangu:
nyuma yake pote ni mimi,
mweupe, bila mkunjo,
kama walivyoagiza.