Mchukuzi

Mtaro nyuma ya nyumba ya Lubbers, huko Drenthe,
una maji ya rangi ya chungwa
na utando unaong'aa kama mafuta ya taa.
Mgeni hudhani trekta limevuja.
Roelfien huuchokoa kwa kijiti:
unavunjika vipande kama barafu nyembamba, hauungani tena.
Si mafuta. Ni chuma.

Baba yake, Harm, aliyazoa matope haya kila Novemba,
akiyalaani, hadi mgongo ulipokataa.
Yeye ameyatia katika chupa mbili,
akaziziba kwa nta, hewa isipenye.
Zote zina kutu. Zote zina bakteria.
Moja tu ina kijiko cha mboji ya kinamasi, nyeusi tii.

Mle gizani hamna oksijeni.
Kiumbe amekula, na aliyekula sharti apumue;
ana elektroni mkononi, hana pa kuzitua.
Kutu ingezipokea,
lakini kutu ni jiwe: haitembei, haimezeki,
na kwa mdogo kiasi kile
unene wa unywele ni safari.

Ndipo inapokuja mboji,
masalia ya majani na mizizi na wadudu,
kitu kilichokwisha kuoza, kisichohesabiwa na mtu.
Inapokea.
Inakwenda, inatua mzigo juu ya kutu;
kutu inalegea, inayeyuka majini.
Inarudi.
Tunasema mkono mtupu haulambwi.
Mtaroni, mkono mtupu ndio unaongojwa.

Wiki ya tano, chupa moja ingali nyekundu,
imefifia kidogo tu chini.
Ile ya mboji imekuwa kijivu chenye ukijani.
Roelfien anaandika tarehe, anafuta miwani, anatazama tena.

Baba na Wolter hawajasemezana mwaka wa kumi na moja,
kisa shamba la viazi lililouzwa.
Kila Jumapili yeye huvuka barabara na sufuria ya supu.
"Mwambie ngazi yake iko kwangu."
"Mwambie akae nayo."
Huenda. Hurudi. Hajawahi kuulizwa
ana maoni gani kuhusu viazi.

Leo mzee ameshika kijiko, hakila.
"Mwambie," anasema,
kisha ananyamaza, anatazama dirisha,
mvua, mtaro.

Roelfien hamharakishi.
Amesimama mlangoni, viatu vina tope la chungwa,
mikono mitupu.