Kiduara

Saa sita za usiku, Buza kwa Lulenge.
Wanangu wamelala, vyombo nimeosha,
LUKU imebakiza yuniti mbili na nusu.
Feni nimeizima ili simu ipate kula.
Bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana,
ndiyo maana elimu yangu
huingia giza likishashika.

Moduli ya nne: Kuzungumza na Mtoto Mdogo.
Mkufunzi Kokushubira, ambaye ufa wa kioo
umempasua shavu la kushoto, anasema:
"Chuchumaa, mwalimu, macho yako yalingane na yake.
Uliza swali moja. Halafu..."

Halafu akaganda,
mdomo wazi, mkono hewani,
na kile kiduara kikaanza kuzunguka usoni pake.

Nikasubiri.
Sikuipiga simu kofi. Sikuiambia,
"Haya, sema upesi, wenzio wanangoja."
Sikuiita bubu mbele ya simu nyingine.
Nilihesabu mbu waliotua kwenye neti,
nikawaza ada ya mwanangu, nikapiga mwayo,
kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nami nimetulia, mpole kama mkwe ukweni.

Akarudi: "...subiri. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo.
Mtoto akinyamaza hajashindwa. Anatafuta."

Nikaizima video.

Miaka kumi na tisa nafundisha chekechea.
Miaka kumi na tisa swali langu na jibu lake
yametoka katika mdomo mmoja:
Hii rangi gani? Nyekundu! Semeni nyekundu!
Na darasa zima, arobaini na wanne, nyekunduuu,
hadi bati likaitikia,
nami nikarudi nyumbani masikio yamejaa
nikidhani kilichojaa ni maarifa.
Simu ya laki na ishirini naisubiri.
Mtoto wa mtu simsubiri?

Asubuhi. Wa uji wamepanga mstari na vikombe,
Faridu peke yake kwenye pembe ya mkeka
na vizibo vya soda. Kavizungusha safu juu ya safu,
katikati kaacha uwazi.
Faridu, ambaye kwenye daftari la maendeleo
nimemwandikia neno moja tangu Januari: hasemi.

Magoti yangu yana kesi na mimi,
lakini nikachuchumaa. Kanga ikagusa vumbi.
"Faridu, unajenga nini?"

Moja. Mbili. Ticha Adelina ananiita, uji unapoa.
Tano. Jibu liko tayari ulimini mwangu, kisima, sema kisima,
nikalimeza kama kidonge bila maji.
Nane. Akaokota kizibo kimoja, akakinusa, akakirudisha.
Kumi. Kumi ya mkufunzi ikaisha.
Nikaongeza ya kwangu.
Kumi na saba,

"Choo," akasema.
Sauti nene, si ile niliyokuwa nimemtungia.
"Baba anachimba. Kimefika hapa." Akajigusa shingo.
"Nikiingia, sionekani."

Sikusema hongera. Sikuwaita wenzake wapige makofi.
Nilikaa pale pale, na swali la pili
nikalilaza chini, karibu na vizibo,
alichukue akilitaka.
Uji wangu niliukuta umeota ngozi.

Jaribio la moduli nimepata hamsini na nane;
kufaulu ni sitini.
Swali la sita: Baada ya kumuuliza mtoto,
mwalimu asubiri sekunde ngapi?
Walitaka kumi.
Niliandika: inategemea shimo lina kina gani.

Jumamosi narudia, LUKU ikiruhusu.
Hilo la sita bado sijaamua.