Ubeti wa Tatu

Baba alianguka shambani, Arua, msimu wa kupanda karanga.
Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukaufuata.
Miezi kumi na minne
mwalimu wa kwaya akawa anatutazama
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Tulimwombea mkono.
Mchungaji Ezaruku alikuja na mafuta.
Shangazi Ayikoru alifunga siku saba, akazimia ya sita.
Hospitalini Kuluva walitupa mpira wa kufinya.
Kaka Onzima akasema wazi, "Mungu hajui Kilugbara,"
mama akampiga mwiko, kisha akalia yeye.

Jumatatu, wala si Jumapili,
mama anamenya muhogo, anaimba peke yake,
ubeti wa tatu anauvuruga kama kawaida,
anapandisha sauti pale inaposhuka.

"Siyo hivyo."

Kisu kikadumbukia kwenye maji.
Mbuzi tu ndiye aliyeendelea na maganda yake.
"Siyo hivyo," Baba akarudia, sauti imeshika kutu,
na amekasirika kweli,
"inashuka. Hapo inashuka."
Alisema kwa Kilugbara.
Onzima alikuwa mlangoni na jerikeni ya maji;
aliketi chini pale pale, hakuitua.

Mkono bado umelala mapajani kama mgeni asiyeaga.
Jembe nalishika mimi.
Jioni tukiimba, mama huukosea ubeti ule ule,
nasi sote tunanyamaza,
tunangoja kukemewa.